Mahindi Yanayokaa Tumboni

Bwana Shamba aliuogopa upepo. Sisi wengine tuliogopa vitu vinavyoeleweka, kama nyoka na chui, na miaka ile tuliogopa zaidi ndege za Mreno zilizonguruma ng'ambo ya Ruvuma na mara nyingine zikavuka kuja kwetu. Yeye aliviogopa vyote hivyo, kisha akaongeza upepo. Majani ya mikorosho yakianza kucheza mchana, alitoka nje kama mtu aliyeitwa, akalowesha kidole kwa mate na kukiinua juu ajue unatokea wapi. Ukitokea upande wa mashamba yetu, uso wake ulishuka. "Unakuja," alisema, na hatukujua kama anatuambia sisi au anajiambia mwenyewe.

Jina alikuwa nalo, lakini kijijini halikutumika. Serikali ilimleta kuwa bwana shamba, nasi tukamwita hivyo, hata watoto waliozaliwa akiwapo walidhani ndilo jina alilopewa na mama yake. Sikumuuliza ukoo wake wala alikozaliwa. Alisema Kiswahili cha bara, kilichonyooka kama kiko vitabuni, na alitucheka kidogo tulipochanganya chetu na Kimakonde. Nitamweleza kama nilivyomjua. Alikuwa mwoga kuliko watu wote niliowahi kukaa nao, na mimi mwenyewe si jasiri, kwa hiyo najua ninachokisema.

Maji ya kunywa aliyachemsha, yakapoa, akayachemsha tena. Hakupita chini ya mnazi. Alipokuja kutusalimia alisimama mbali na mbwa wetu, na mbwa mwenyewe alikuwa mzee asiye na meno, anaishi kwa kulamba. Tukimtania alijibu, "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio," akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Mama mkwe wangu alipenda jibu hilo. Alisema mwanamume anayejua kuogopa hatamfukuza mke wake usiku, ingawa Bwana Shamba hakuwa na mke wa kumfukuza.

Alikuja kutufundisha kupalilia na kupogoa mikorosho, na kazi hiyo aliifanya vizuri bila furaha. Moyo wake ulikuwa kwenye mahindi. Hilo lilitushangaza, maana sisi huku nyuma ya kijiji cha Ziwani, kuelekea mto unakoingia baharini, ni watu wa muhogo. Mahindi tunayapanda kidogo, ya kuchoma na ya kubadilisha ladha. Yeye alikuwa na punje alizopewa chuoni na mwalimu wake, za aina mbili, na miaka yote aliyokaa kwetu alizihangaikia kama mtu aliyeachiwa mayatima wa ndugu yake. Akazizalisha na mahindi yetu, akachagua, akapanda tena, akachagua tena, mpaka zikakubali mchanga wetu.

Aina ya kwanza aliiita ya chupa, ya pili aliiita ya jembe. Alinieleza tofauti yake siku moja nikiwa natwanga, na nikaelewa mara moja, kwa kuwa hakupenda kujionyesha ana elimu. Wanga wa mahindi, alisema, si wa namna moja. Upo unaovunjika upesi, ukiloweka na kimea unageuka sukari, na sukari ikichacha inatoa spiriti nyingi. Hiyo ndiyo ya chupa. Na upo wanga mkaidi, ambao hata tumboni unakataa kuvunjika, unakaa, unashuka polepole, na aliyeula hasikii njaa haraka. Hiyo ndiyo ya jembe. Ya kwanza aliitaka iwashe moto, ya pili aliitaka imfikishe mkulima jioni.

Asiyejua Kusini ya siku zile ataona ni mchezo. Mvua zikishika, barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika, na meli ikichelewa mafuta ya taa yaliadimika mpaka zahanati ilikosa ya kuchemshia sindano. Nimeona mama anapanga foleni na mtoto mwenye homa, mganga anamwambia arudi kesho kwa kuwa jiko halina mafuta. Na miezi hiyohiyo ya mvua ndiyo ya palizi, ghala tupu, mtu anashika jembe alfajiri kwa kikombe cha chai ya rangi. Bwana Shamba aliyaona hayo mawili akayaogopa, na akataka kuyaponya kwa mmea mmoja.

Ndipo upepo ulipoingia. Hindi halijui kuolewa na mmoja. Unga wa mbelewele zilizo juu ya mmea hupeperuka, ukaangukia ndevu za mahindi ya jirani, na kila udevu unazaa punje yake. "Kila punje ina baba yake," alituambia kisimani, kwa nia njema kabisa, na wanawake wakaweka ndoo chini. Jirani yangu mmoja, mtu wa ng'ambo aliyekimbia vita akaja kuolewa kwetu, alimuuliza kwa upole, "Yaani hindi moja lina mama mmoja na waume wote hao, na halipigwi mawe?" Bwana Shamba aliondoka na ndoo nusu. Hakurudi kisimani wiki nzima.

Ili kuwazuia hao waume, alifunika mahindi yake kwa mifuko ya kaki. Alifunika ndevu kabla hazijatoka, akafunika mbelewele, kisha akachukua unga wa hapa akaupaka pale kwa mkono wake mwenyewe, akafunika tena. Shamba lake likawa mifuko mitupu inayotikisika, na watu hawakulipenda. Wengine walisema amefunga mvua. Mzee mmoja alikataa kupita karibu nalo, akazunguka kwa njia ya mbali mpaka anachelewa swala. Maneno hayo yalimfikia Bwana Shamba, naye akayaongeza kwenye orodha ya mambo anayoyaogopa, lakini mifuko hakuiondoa.

Siku moja ndege zilivuka mto. Tulikuwa na mahandaki tuliyochimba pembeni mwa nyumba, na Bwana Shamba ndiye aliyeingia wa kwanza, akakalia mguu wangu. Milio ilikuwa upande wa mtoni, ardhi ikatetemeka, mchanga ukatudondokea kichwani. Nilikuwa na mimba ya Somoe, nikajikunja juu ya tumbo nikisoma kila aya ninayoikumbuka. Katikati ya hayo, Bwana Shamba akainua kichwa. "Nimeacha mfuko mmoja wazi," akasema. Tulimshika shati likachanika mkononi mwangu. Alitoka, akakimbia hadi shambani akiwa ameinama, na tukamwona kwa mbali anafunika hindi lake huku moshi unapanda nyuma ya miti. Aliporudi handakini meno yalikuwa yanagongana. Mpaka leo sijui nimwite nani mtu yule.

Kingine kisichoeleweka kwake ni kwamba hakula mahindi. Mfinyanzi hulia gaeni, na yeye alikula muhogo kama sisi, kwa dagaa au kwa kisamvu, na hata hindi la kuchoma alilisukuma kwa watoto. Nilimuuliza sababu. Akasema akila mahindi anayahesabu kama watu.

Na mtu huyo ambaye hakuonja pombe, aliyeswali vipindi vyote kwa wakati, alinuka kama muuza gongo. Nyuma ya zahanati alikuwa na pipa na bomba la kupozea, na mchana kweupe alipika mahindi ya chupa yaliyochachuliwa, akakinga spiriti tone kwa tone. Alikuwa na ruhusa ya maneno kutoka kwa wakubwa wake, si ya karatasi, kwa hiyo kila baiskeli ya polisi ilipokata kona alijificha kwenye mihogo na kuliacha pipa lijibu lenyewe. Wazee ambao hawajawahi kumtembelea walianza kuja kumjulia hali. Akaona atie majani ya mwarobaini ndani ili isinyweke. Mmoja akanywa hivyohivyo, akasema sasa ameelewa kwa nini inaitwa dawa. Lakini jiko la zahanati liliwaka. Liliwaka moto wa buluu usio na masizi, mvua zote zile, na sindano zikachemka. Mganga alimwita aje aone kazi yake. Bwana Shamba alitazama akiwa mlangoni, mguu mmoja nje, akiogopa lisije likalipuka.

Nimeyasema hayo ili nisionekane nina chuki naye ninapofika kwenye hili.

Mwaka ambao ya jembe ilizaa vizuri kwa mara ya kwanza, aliitisha mkutano. Wakaketi wanaume. Sisi tulikuwa kwenye vinu, na hakuna aliyetuita, wala sisi hatukutegemea kuitwa. Aliwaeleza kwamba atakayekula ugali wa mahindi haya asubuhi atalima mpaka alasiri bila tumbo kumdai. Kisha, kwa sauti yake ileile ya chini, akaeleza kwamba mahindi haya hayafai kwa mtoto mdogo wala mgonjwa, kwa sababu kushiba tumbo na kula mwili ni mambo mawili. Mtu mzima anakula na vingine, hatadhurika. Mtoto wa uji hana kingine. Hayo yote aliyasema, nimethibitisha baadaye kwa watu zaidi ya mmoja. Wanaume wakabeba neno la kwanza, la pili wakaliacha palepale walipokaa. Baba Somoe alirudi nyumbani akasema, "Mahindi ya Bwana Shamba ukila asubuhi husikii njaa hadi jioni." Akaoga, akala, akalala.

Watu wenye kinu na mwiko walikuwa hatua chache kutoka hapo. Nikilifikiria jambo hilo, hata sasa, damu inanipanda.

Kuna jambo moja zaidi ambalo yeye hakulijua, na hakuna aliyefikiri kumwambia. Kwetu mbegu haiachwi guniani, wadudu wangeimaliza. Inafungwa kwa maganda yake, inatundikwa juu ya moto wa jikoni, moshi unaipaka mpaka inakuwa nyeusi, na mdudu haisogelei. Bwana Shamba alipikia jiko la mafuta, hakuwa na moshi. Akamwomba mama mkwe wangu amtundikie mahindi yake, ya chupa upande huu na ya jembe upande ule. Mama akakubali. Na desturi yetu ni kwamba anayekulindia mbegu kwa moshi wake ana haki ya kuvunja kidogo. Haombi, kwa kuwa kuni ni zake na macho yanayotoka machozi ni yake. Bwana Shamba aliona mafungu yanapungua, akadhani ni panya. Akaleta mtego, na mtego wenyewe aliuogopa, akamwachia mama autege.

Mvua za mwaka ule nilishikwa na homa. Ilikuja, ikaondoka, ikarudi, na iliporudi maziwa yalikauka. Somoe alikuwa ndiyo kwanza ameanza kukaa. Muhogo ulikuwa umebaki wa kutafuna, chakula chetu sote kilikuwa cha kubahatisha, na mtoto alilia kwa njaa mpaka sauti ikakwaruza. Nililala mkekani nikimsikia, sina la kumpa, nikiogopa kwamba atakufa kabla yangu au mimi kabla yake, na kila moja lilikuwa baya kuliko lingine.

Mama mkwe alimtazama mjukuu wake akafikiri kama bibi anavyofikiri. Kama mahindi haya yanamsimamisha mwanamume mzima shambani kutwa, mtoto mdogo yatamfanya nini? Mfanyakazi wa jembe ndiye ale kizuri, na huyu alie? Akavunja mahindi ya jembe kutoka juu ya moto wake, akatwanga, akachekecha mpaka unga ukawa mwororo, akamkorogea uji. Kilichokuwa bora kabisa jikoni mwake alimpa Somoe.

Na Somoe akanyamaza. Kuanzia siku hiyo alikunywa uji wake, tumbo likajaa, akalala. Hakulia tena. Majirani walikuja kunijulia hali wakamsifu, mtoto mtulivu, mtoto mwenye adabu tangu mdogo. Mama alitembea akiwa na uso wa mtu aliyeshinda kesi. Mimi nilimshukuru Mungu, nikalala usingizi wa kwanza wa siku nyingi.

Hofu iliniingia nilipopata nguvu ya kumwogesha mwenyewe. Tulikuwa tumemvisha shanga kiunoni, kama tunavyowavisha watoto wote, zinazomkaa vizuri bila kubana. Nilimwinua kwenye beseni, shanga zikateleza, zikapita kwenye nyonga, zikapita mapajani, zikazama majini. Tumbo lake lilikuwa gumu na limevimba. Chini ya tumbo hakukuwa na mtu. Nikamwita mama. Alizitoa shanga majini, akazikaza kwa fundo jingine, akasema, "Anarefuka tu, mwanangu. Watoto wakirefuka hukonda." Nilitaka kumwamini. Siku zilizofuata alizikaza tena. Mtoto alitutazama kwa macho makubwa yaliyotulia, asilie, asicheke, na nikaanza kuogopa ule utulivu wake kuliko nilivyowahi kuogopa ndege.

Bwana Shamba alikuja kuchukua mbegu apande. Alipiga hodi, akamzunguka mbwa, akaingia jikoni, na macho yake yakaangukia kwa Somoe aliyekuwa mapajani mwangu. Hakusalimia. Akatazama bakuli lililokuwa kando. Uji ule ulikuwa umepoa, nao ukipoa haukuwa kama uji mwingine. Maji yalipanda juu na chini ukabaki mchanga mweupe.

"Unga huu ni wa wapi?" akauliza.

"Si wako?" Mama alijibu, na alijibu kwa fahari. "Ule wa nguvu. Tangu aanze, mtoto halii."

Mtu ambaye hakula mahindi alichovya kidole bakulini, akaonja, akakaa chini pale pale penye majivu. "Tangu lini?" Mama akamwambia. Akaanza kuvuta pumzi kama aliyepanda kilima. "Halii kwa sababu tumbo limejaa," alisema. "Limejaa, mama yangu, lakini halimpi kitu. Anashinda na njaa hapa mbele yetu. Niliwaambia. Niliwaambia wote mkutanoni."

"Uliwaambia akina nani?" nikamuuliza.

Alinitazama, kisha akamtazama mama. Hapo nadhani ndipo alipojua alichofanya, na mimi nikajua pia. Mama alikuwa bado ameshika mwiko.

Tulikwenda Mtwara kwa baiskeli yake, mchana uleule, mimi nimekaa nyuma na mtoto kifuani. Njia ilikuwa mchanga mtupu, akawa anasukuma zaidi ya kupanda. Ng'ambo kulikuwa na milio, sijui ya nini, na kila ulipolia mmoja alisita, kisha akasukuma tena. Kila kona aliuliza, "Anapumua?" Nikisema ndiyo, alisukuma hatua chache, halafu, "Anapumua?" Nilimwambia aache, swali lake linanitia kichaa. Akasema, "Nikinyamaza ndiyo naogopa zaidi, Mama Somoe. Nivumilie." Nikamvumilia. Mbele kidogo nikajikuta namjibu kabla hajauliza, anapumua, anapumua, na hivyo tukaufikia mji.

Muuguzi alimvua Somoe nguo akambana ngozi ya mkono kwa vidole viwili. Akaniambia, "Mtoto huyu ana njaa." Nilitaka kumpiga. Nikamwambia mtoto huyu anashiba kila siku, waulize watu wote kijijini. Muuguzi hakubishana nami, akaita wenzake. Bwana Shamba alikuwa amesimama mlangoni ameshika kofia yake kwa mikono miwili, amejaa vumbi mpaka kope. Nilipogeuka tena hakuwapo. Tulilazwa muda mrefu, maziwa kwa kijiko, kidogo kidogo, na kila alfajiri niliweka sikio kwenye kifua cha mwanangu kabla sijathubutu kufumbua macho.

Niliporudi nyumbani, shamba la Bwana Shamba lilikuwa jeusi. Mama mkwe alinisimulia. Alirudi kutoka mjini, akaja jikoni mama akiwa kisimani, akashusha mahindi yake yote, ya jembe na ya chupa pia, akayalundika shambani na kuyatia moto. Kulikuwa na njaa, nimeshasema. Harufu ya mahindi ya kuchoma ikaenea kijiji kizima, na watoto wakaja mbio wameshika vibakuli. Aliwafukuza kwa fimbo huku analia. Watu wakasema wazimu, na waliosema uchawi wakapata ushahidi wao. Kisha akapanda lori akaenda, na tukasikia ameomba uhamisho. Jiko la zahanati likarudi kusubiri meli. Mama mkwe hakumkorogea uji mjukuu mwingine yeyote mpaka alipokufa. Ukimpa mwiko, alisema mkono unamuuma.

Nilimkasirikia Bwana Shamba kwa miaka. Si kwa ajili ya mahindi, mahindi sikuyaona na kosa. Nilimkasirikia kwa kuondoka. Mtu anakufanya uogope pamoja naye njia nzima, kisha hashiki hata mkia wa habari. Nilimsubiri atume salamu, atume mtu tu aulize. Hakutuma.

Nilikutana naye sokoni Mtwara mjini, vita vya ng'ambo vimeshamalizika na watu wameanza kuvuka kurudi kwao. Nilikuwa natoka kununua dagaa. Kofia ndiyo niliyoiona kwanza. Naye aliniona, akageuka haraka, akajifanya anachagua nyanya.

"Bwana Shamba," nikaita. "Nyanya hizo mbovu."

Akaja. Alikuwa amekonda na mvi zimemjaa, na aliitazama miguu yangu badala ya uso. Akaniambia amerudishwa Mtwara, yuko kwenye mikorosho tu, mahindi hakuyagusa tena. Tuliulizana ya nyumbani kama kawaida, mama mkwe, baba Somoe, mvua. Kisha akaivua kofia.

"Pole, Mama Somoe," akasema. "Sikuwahi kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Ya mtoto."

Sikumwelewa. Alieleza akiwa bado anatazama chini, maneno yanatoka moja moja. Alirudi hospitali siku chache baada ya kutufikisha. Akakuta kitanda chetu kitupu, godoro limekunjwa. Nje barazani kulikuwa na wanawake wanalia, mmoja amejifunika kanga mpaka kichwani, na akajua ni mimi. "Sikuweza kuuliza," akasema. "Nilisimama pale. Muuguzi alipita karibu kabisa, ningemgusa. Sikuweza." Akarudi kijijini akachoma kila kitu, hata ile ya chupa ambayo haikuwa na kosa.

Siku ile walikuwa wametuhamishia chumba cha pili, karibu na dirisha, kwa sababu Somoe alikuwa ameanza kunyonya kijiko kwa nguvu. Aliyekuwa analia barazani simjui, Mungu ampe subira popote alipo.

Hasira yangu ilitafuta pa kukaa ikakosa. Niligeuka nyuma. Msichana alikuwa amesimama hatua chache, sare ya shule imemfupia, uso umekunjwa kwa kuchoka kutembea juani.

"Somoe, njoo umsalimie mjomba."

"Shikamoo," akasema.

Bwana Shamba hakuitika. Alimtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye vidole vya miguu, akaanza tena kichwani. Somoe alinitazama mimi, ameudhika, kwa kuwa amefundishwa kwamba shikamoo inaitikiwa. Kisha akanivuta kanga.

"Mama, njaa inaniuma."

Tuliingia mgahawa uliokuwa karibu. Bwana Shamba ndiye aliyetangulia, bila kuniuliza, na alipofika mezani akawa hajui tena la kufanya, nikaagiza mimi, ugali na samaki. Akamwuliza mwenye mgahawa unga huo ameutoa wapi. Mwenye mgahawa akashangaa, akasema ni unga tu, wa dukani. Akamwuliza tena. Nikamshika mkono chini ya meza, nikamwambia taratibu, "Mwache ale."

Somoe alikula kama wanavyokula watoto waliotoka shule, tonge kubwa, mchuzi mpaka kwenye kiwiko, hana habari na mtu. Bwana Shamba hakugusa sahani yake. Alifuata kila tonge kwa macho, kutoka sahani hadi mdomoni, na mtoto alipomeza na yeye alimeza. Watu wa meza ya pili walianza kututazama. Nilitaka kumwambia inatosha, mtoto mzima huyu, ana wadogo zake nyumbani. Nikamwacha atazame.

Somoe alifuta sahani kwa kidole, akakilamba, akaisukuma katikati ya meza.

"Sijashiba," akasema.

Bwana Shamba akafunika uso wake kwa viganja viwili, na mabega yakaanza kumtikisika. Nilimwita mwenye mgahawa nikaagiza sahani nyingine.